Ua la Zambarau Mbele ya Boti

Chai yake ilipoa kila siku. Sisi walimu wengine, kengele ya mapumziko ikilia, tulilikimbilia birika kama watu wanaofuturu. Yeye alikuwa anashika kikombe chake cha bati, anakiinua mpaka usawa wa macho, anakigeuza polepole, anakiangalia mdomo wake na mkono wake na kivuli chake, mpaka mvuke unakwisha. Halafu anakunywa ile baridi kwa mkupuo na kurudi darasani. Siku moja nilimwuliza kikombe kile kina nini leo ambacho jana hakikuwa nacho.

"Madam," akasema, "jana dirisha ilikuwa imefungwa."

Alikuwa mwalimu wetu wa kuchora. Mfumo mpya wa masomo ulipokuja na sanaa ikawa somo la mtihani, shule yetu ya msingi, iliyo kando ya njia ya kushukia ziwani, ililetewa yeye. Mimi nilikuwa nafundisha Kiswahili. Ni mtoto wa Kaloleni ya hapahapa Kisumu, nimelelewa na bibi aliyechanganya Kiswahili cha Pwani na Dholuo katika pumzi moja, na kwa hiyo Kiswahili chake mwalimu huyu kilinipa kazi ya bure kila mapumziko. Nilimsahihisha, akanishukuru, akakosea palepale tena. Tuliketi meza moja miaka mingi, na baadaye tukawa majirani huko Migosi, nyumba za kupanga zinazotazamana.

Nikimkumbuka leo, kitu cha kwanza kunijia ni aibu. Kuna aibu yake, ambayo aliibeba hadharani mpaka watu wakachoka kumcheka. Na kuna yetu, ambayo hatukuibeba. Aliichukua akaiweka juu ya ile yake, nasi tukamwacha atembee nayo.

Lakini nianze na suruali. Alikuwa na suruali ya kaki ambayo ungeweza kuisoma ukajua juma lile amepaka boti ya nani, kwa kuwa alifuta mikono hapohapo pajani. Shati lakini lilikuwa jeupe siku zote, limepigwa pasi, na kola imesimama. Watoto walisema huwa anavaa shati baada ya kumaliza kila kitu kingine duniani. Brashi za shule alizifungia kabatini utadhani ni sumu ya panya, na mtoto aliyerudisha brashi bila kuiosha alisemwa mpaka akatamani afadhali angechapwa. Mchoyo wa brashi, mchoyo wa rangi, mchoyo hata wa vipande vya chaki. Kitu kimoja tu hakuwa mchoyo nacho, nacho ni mimea. Kila kilichoota alikigawa. Ukimtembelea ulitoka na kijiti cha kupanda, utake usitake.

Darasani alikuwa na neno lake moja: chora unachoona, wacha unachojua. Mtoto akimchora ng'ombe aliyelala na kumwekea miguu minne, alimsimamia.

"Hii miguu umeona wapi?"

"Najua iko, mwalimu."

"Mimi sikuuliza unajua nini. Angalia ng'ombe."

Mimi kwangu nilikuwa nafundisha kinyume: insha nzuri ni ya jambo unalolijua. Watoto walitugonganisha vichwa kwa raha zao, na mtukutu mmoja alipoambiwa aandike insha kuhusu Mombasa alinijibu kwamba hajaiona wala haijui, kwa hiyo walimu wote wawili wamemruhusu akae bure. Nilipompelekea mwenzangu kesi hiyo alicheka mpaka akashika meza.

Jumamosi alikuwa Dunga, kwenye bichi, anapaka boti. Na hapa lazima nieleze, kwa sababu asiyejua mambo ya ziwa anaweza kudhani boti ni mbao na misumari. Kwa watu wa huko boti mpya ni bibi harusi. Hushushwa majini kwa vigelegele, na wengi huipa jina la mama au la nyanya, lile jina la kumsifu kwao: Nyar Gem, binti wa Gem, Nyar Alego, binti wa Alego. Mvuvi anapoingia kwenye mawimbi, mama yake ndiye anayetangulia. Kwa hiyo mtu anayeandika jina hilo hachukuliwi hivihivi. Anaangaliwa mwendo wake, na mkono wake, na kama ana maneno mengi. Mwalimu wetu walimkubali. Walimwita Japuonj, yaani mwalimu, na herufi zake zilijulikana kutoka Dunga mpaka ng'ambo ya ghuba, pana, zenye vivuli, kana kwamba zimechongwa.

Ajabu yake ni kwamba yeye mwenyewe hakupanda boti hata moja. Aliogopa maji. Alipaka boti zikiwa zimepandishwa mchangani, na wimbi likimfikia viatu aliruka kama kuku. Wavuvi walimtania kwamba anawavisha mabibi harusi lakini harusini haendi. Alikubali utani ule bila kujitetea.

Boti aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Nyar Uyoma. Ilikuwa ya mwenyekiti wa wavuvi, mzee mfupi wa kifua kipana ambaye kila mtu alimwita Mzee wa Bichi. Mama yake alitoka Uyoma na alikuwa ameshafariki. Mzee huyo alikuwa haongei sana. Mwalimu alipomaliza kuandika jina lile mara ya kwanza, Mzee alilisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kisha akaenda kando akasimama peke yake akiangalia maji. Mwalimu alinisimulia hayo Jumatatu yake, na chai ikapoa kuliko kawaida.

Sasa ua.

Alikuwa ameitwa Milimani kupaka lango la nyumba kubwa, mojawapo ya zile zenye uwanja mpana na gari mbili. Ndani kulikuwa na kidimbwi cha samaki wa urembo, na juu ya kidimbwi kulikuwa na mmea unaoelea, majani yake mviringo yanang'aa, na ua la zambarau lenye doa la manjano katikati. Mama wa nyumba alimwona anavyoliangalia akampa shina moja kwenye mfuko wa plastiki. Mwalimu alilileta shuleni akaliweka ndani ya beseni la maji kwenye meza ya mbele. Juma lile darasa la saba lilichora ua hilo, na nikiri kwamba sijapata kuona watoto wametulia hivyo. Mpaka mtukutu wangu wa insha alichora. Mwalimu alipita kati yao akinong'ona, "Chora unachoona, chora unachoona."

Beseni likajaa. Akagawa mabeseni mawili, yakajaa. Mwalimu mkuu akataka mbele ya ofisi. Walimu wa kike tukataka nyumbani, na mimi nililiweka barazani kwangu, nikajivuna nalo mbele ya wageni wa Idd. Watoto wakabeba kwao kwenye mikebe. Mmea ule ulizaana bila kuombwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mmea unaozaana hivyo utaishia wapi. Ulikuwa mzuri. Kwetu hilo lilitosha.

Wavuvi nao wakaona michoro, wakataka ua lile kwenye boti zao, mbele kabisa, karibu na jina. Likawa ndiyo alama yake. Kila aliyetaka boti yake ionekane ya kisasa alimwambia Japuonj amwekee ua. Mzee wa Bichi alikuwa wa mwisho kukubali. Alisema mama yake alikuwa mtu wa kazi, si mtu wa maua. Mwalimu akambembeleza, sijui kwa siku ngapi, mpaka akakubali. Akamchorea ua zuri kuliko yote, likishika herufi ya kwanza ya jina kwa mkono wa majani.

Miaka hiyo ndipo hali ya hewa ilipoanza kutuchezea. Ile mvua ndefu ambayo wenyeji huiita chwiri, iliyokuwa na adabu ya kuja wakati wake, ikaanza kuchelewa, ikija inamwaga ya miezi yote kwa usiku mmoja. Kina mama wa mtaa wa Obunga waliinua magodoro juu ya meza. Mafunjo ya ufukweni, yaliyokuwa yanashika maji machafu kabla hayajafika ziwani, yalikatwa na kuchomwa ili watu walime mboga wakati wa kiangazi. Mvua ikija haikukuta cha kuizuia. Katika mvua kama hizo mabeseni yetu yote ya shule yalifurika, na maji ya uwanja wa shule yalikuwa yakienda mtaroni, na mtaro ulikuwa ukienda ziwani.

Halafu ziwa likafunikwa.

Aliyekuwepo Kisumu anajua. Asiyekuwepo sijui nimwambieje. Uliamka asubuhi ukaona ghuba imekuwa shamba la kijani mpaka macho yanapoishia, na shamba lile lina maua ya zambarau. Boti zilikwama. Nyavu zilivutwa zikiwa zimejaa mizizi. Maji yaliyokuwa chini yalinuka, samaki wakapungua, mbu na nyoka wakaongezeka, na watu walioishi kwa ziwa wakaketi mchangani wakiliangalia kama maiti ya ndugu. Na mbele ya boti zao zilizokwama, kwenye majina ya mama zao, lilikuwapo ua lilelile.

Nilikwenda Dunga naye Jumamosi ile. Sikujua kwa nini ananiomba nimsindikize, maana huwa haombi. Tulimkuta Mzee wa Bichi amepiga magoti mbele ya Nyar Uyoma na kipande cha chupa, anakwangua ua. Alikuwa anakwangua taratibu asije akagusa jina. Unga wa zambarau ulikuwa umemshika kwenye nywele za mikono. Vijana wengine walikuwa wanafanya hivyohivyo kwenye boti zao, na sauti ya chupa juu ya mbao ilikuwa inatoka kila upande.

"Mzee, nisaidie nikwangue mimi," mwalimu akasema.

Mzee hakuinua kichwa. "Japuonj, mimi nilikuambia mama yangu si mtu wa maua."

"Uliniambia."

"Sasa umeweka magugu kwa jina yake. Watu wanasoma, wanasema ni yeye ameleta." Akapuliza unga. "Hiyo brashi yako isiguse boti yangu tena. Mimi sina vita na wewe. Lakini isiguse."

Mwalimu alisimama pale na shati lake jeupe. Nilitaka kumshika mkono nimwondoe, na vilevile nilitaka kusimama mbali kidogo ili watu wasione tumekuja pamoja. Nilifanya hili la pili. Yeye alikaa mpaka Mzee akamaliza, ndipo akasema asante kwa Dholuo, ero kamano, na tukapanda kurudi mjini.

Shuleni mabeseni yalitoweka. Hakuna aliyetoa amri. Kila mmoja wetu alimwaga la kwake nyuma ya vyoo au kwenye shimo la taka, na langu lilimwagwa kabla ya adhuhuri. Wazazi walipokuja kuuliza, jibu lilikuwa moja ofisini na moja kwa walimu: ni mambo ya yule wa sanaa. Yeye hakukanusha wala hakutaja mtu.

Likaitishwa baraza. Alikuja mtaalamu wa samaki akaeleza vizuri, kwa subira, kwamba magugu yale yalitoka mbali, yameingia kwa mito kutoka nchi nyingine, na kwamba uchafu tunaoumwaga ziwani ndio unaoyanenepesha. Watu wakapumua. Ilikuwa raha kusikia mkosaji ni mto wa nchi nyingine. Kumbe mwalimu amesimama nyuma.

"Na yangu je?" akauliza.

"Yako gani, mwalimu?"

"Ile mimi nililea kwa beseni, nikapea watoto."

Mtaalamu akatabasamu, akasema hayo ni kidogo sana, hayahesabiki. Mwalimu akasema, "Kama haihesabiki, haijaenda mahali. Bado iko." Akaketi. Watu waliguna. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema mwalimu amechanganyikiwa, na nilifurahi kwamba ushungi wangu ulikuwa umenifunika uso nusu.

Jambo alilolifanya baadaye ndilo lililomfanya ajulikane hata na wasio na boti. Ukuta wa shule ulikuwa unatazama barabara ya ziwani. Aliuchora wote. Alianza upande mmoja na ghuba ilivyokuwa tulipokuwa wadogo, maji, mafunjo, ndege, kina mama wanasafisha omena, wale dagaa wa ziwa. Kadiri ukuta ulivyosonga mbele, mafunjo yalipungua, moshi ukaingia, mvua ikawa nzito, na kijani kikaanza kutambaa. Na pale kijani kinapoanzia alijichora yeye mwenyewe, mrefu, shati jeupe, suruali ya madoa, ameinama anamwaga beseni.

Mwalimu mkuu aliomba, kisha akaamuru, kwamba ajifute. Mkaguzi angekuja. Shule ingeonekanaje?

"Ziwa nitaacha, mimi nijitoe?" mwalimu akajiuliza kwa sauti, kama anayejisemesha. Kisha akamjibu mkuu: "Sir, ninafundisha watoto kuchora wanachoona. Mimi nimejiona."

Sisi wengine tulikuwa na nafasi ya kutosha kwenye ukuta ule, na hakuna aliyeomba achorwe. Wapita njia walirusha matope kwenye ile sura. Watoto wa shule nyingine walikuja kumtemea mate. Alikataa kuosha. Mvua itaosha, alisema, na kweli siku hizo mvua haikuwa ya kutegemea, kwa hiyo alikaa na matope usoni muda mrefu.

Kilichotokea baadaye sikukitarajia. Kina mama wa Obunga waliokuwa wakipita pale kwenda sokoni walianza kusimama. Mmoja, muuza samaki aliyekosa samaki wa kuuza, alimwuliza kama anajua kuchora tu au anajua pia kung'oa. Akasema hajui, lakini yuko tayari. Ndivyo kikundi kilivyoanza, mwanamume mmoja mwoga wa maji na kina mama waliokunja leso mpaka magotini, wanavuta magugu ukingoni kila Jumamosi, na vijana wavuvi wanawacheka kutoka kwenye boti zilizokwama. Unang'oa leo, kesho upepo unaleta mengine. Lakini waliyatoa, wakayaanika, na mwalimu akaanza kujaribu kuyasuka.

Alikuwa mbaya sana kwa kusuka. Kina mama walijua zaidi, kwa kuwa walikuwa wamesuka mafunjo tangu utotoni, lakini yeye hakuacha kuwaambia kikapu hiki kimenuna upande mmoja, kile kina kiburi. Walimvumilia. Kiti chao cha kwanza alikalishwa chifu, siku ya kukizindua. Mabua hayakuwa yamekauka barabara, na kiti kilianza kushuka, polepole, na chifu akashuka nacho akiendelea na hotuba. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Magoti yalipofika kwenye kidevu ndipo Mzee wa Bichi, aliyekuwa amekuja kusimama pembeni tu, akasema, "Chifu, nafikiri magugu imekukubali." Watu walicheka mpaka wakalia. Nilimwangalia mwalimu. Alikuwa anacheka naye, lakini macho yake yalikuwa kwa Mzee, anatafuta kama kuna kitu zaidi ya mzaha. Hakikuwepo. Mzee alivaa kofia yake akaondoka bila kumsalimu.

Hilo ndilo lililokuwa linamla. Viti vilikuja vikasimama, kamba zikawa ngumu, vikapu vikanunuliwa na wageni wa hoteli. Wale vijana waliocheka walishuka kuvuta magugu. Kikundi kikaanza kurudisha mafunjo ufukweni, kila familia kipande chake, ili mvua hizi mpya zisizo na adabu zikute kitu cha kuzipokea. Wamishonari waliwapiga picha. Yeye alikuwa anaulizwa kuhusu matumaini, na neno hilo lilimkera.

"Matumaini ni ya mtu ameketi," aliniambia. "Sisi tuko na kazi."

Lakini hakuna boti iliyoletwa kwa brashi yake. Wavuvi walifuata la mwenyekiti wao bila kuambiwa. Majina yaliandikwa sasa na kijana mmoja kwa herufi zilizolala ovyo, na mwalimu akipita bichi aliyasoma akameza mate. Nyar Uyoma ilibaki na jina lake la zamani na kidonda kitupu mahali pa ua. Kila Jumamosi alikuwa anafanya kazi hatua chache kutoka hapo. Nilimwambia aende akaombe radhi tena. Alisema radhi alishaomba, na kwamba si vizuri kumdai mtu msamaha, maana hapo unamgeuza yeye mkosaji.

Mimi nilihamishwa shule, naye akastaafu. Mvua zile za El Nino zilikuja zikapiga miezi, mto Nyando ukafurika, watu wakahama, na kwa muda mrefu sikumwona. Alikuwa amehamia chumba cha Obunga, karibu na kina mama wake. Siku nilipokwenda kumtembelea nilibeba sukari na majani ya chai, na nikacheka njiani nikifikiria chai itakavyopoa.

Nyuma ya chumba chake niliona mabeseni.

Yalipangwa chini ya turubai, yamejaa maji, na ndani ya kila moja magugu yameota, manene, na mawili matatu yalikuwa na maua ya zambarau. Nilisimama. Nilifikiri uzee umemrudisha kulekule, na nikageuka kuangalia kama majirani wameniona nikiingia. Tangu siku ile ya Dunga sikuwa nimebadilika hata kidogo, na nililijua hilo palepale.

Alitoka akifuta mikono pajani. "Madam, usiogope. Njoo karibu."

Akafunua jani. Chini yake kulikuwa na mdudu mdogo wa rangi ya udongo, na jani lote lilikuwa na alama ndogondogo, kama limeparuzwa kucha. Fukusi. Watu wa kilimo walikuwa wamewaleta hawa, akasema, chakula chao ni magugu haya. Anawalea hapa kwenye mabeseni, wakizaana wanapelekwa kwenye ghuba. Majirani walipoona mabeseni mara ya kwanza walitaka kumfukuza. Aliwakalisha akawaeleza. Sasa wengine walikuwa wanalea pia.

"Na nani anawapeleka majini?" nikauliza. "Wewe mwoga."

Hakunijibu kwa sababu mtu alikuwa anabisha. Alikuwa Mzee wa Bichi, amezeeka, anatembea kwa fimbo, na kijana wake nyuma amebeba ndoo. Alinisalimia, akaliangalia beseni, akatikisa kichwa kama mkulima anayekagua mche. Ndoo ikajazwa majani yenye wadudu. Kisha Mzee akaegemea fimbo.

"Japuonj, Nyar Uyoma nimebadilisha mbao. Jina imeisha."

Mwalimu akafuta mikono pajani.

"Huyo kijana wa majina ya boti anaandika mbaya," Mzee akasema. "Kuja na brashi."

Tulishuka Dunga sote, mwalimu akiwa na mikebe yake ya rangi ndani ya kikapu cha magugu. Kijani kwenye ghuba kilikuwa kimeanza kuwa cha kahawia, na katikati palikuwa na njia za maji. Boti ilikuwa mchangani, mbao mpya zinanukia. Alipiga magoti. Akaandika NYAR UYOMA, herufi pana, zenye vivuli, zilezile. Wavuvi walikusanyika. Alipomaliza, Mzee alilisoma kwa kidole bila kugusa rangi mbichi.

"Hapa mbele," Mzee akasema, akionyesha pale palipokuwa na ua, "kama unataka, weka huyo mdudu. Yeye amefanya kazi. Mama angempenda."

Vijana wakaitikia, naam, weka mdudu. Nami nilikuwa natamani amweke. Nilitaka nimwone amesamehewa mbele yangu, kwa rangi, ili na mimi nipate kipande cha msamaha huo nirudi nacho nyumbani.

Mwalimu aliiangalia nafasi ile kwa muda, vile alivyokuwa anaangalia kikombe. Kisha akaanza kuosha brashi, taratibu, mpaka unywele wa mwisho.

"Mzee, wacha tu," akasema. "Huyu nimemwona tu. Bado sijamjua."